WAKILI WA KUAGIZIA MALI NG'AMBO: HUKUMU ZAKE NA ADABU ZAKE

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Katika darsa yetu limeletwa suala na baadhi ya watu wa Vanga, na kwa kuwa lawagusa wengi katika miji yetu ya mwambao, tumeona ni bora tulijibu hapa kwa urefu ili manufaa yaenee. Suala lenyewe ni hili:

Jamaa kadha wa mji, wavuvi na wachuuzi na baadhi ya wajane, wamechanga fedha wakitaka kuagiza nyavu, kamba, maboya na majaketi ya kuokolea kutoka viwanda vya Uchina. Hapana katika wao aliyefika huko wala ajuaye lugha ya huko. Ametokea mtu akaaye Guangzhou, naye asema: "Nipeni fedha, mimi nitawanunulia viwandani na kuwafikishia mali hata Mombasa." Wauliza: Je, yafaa kumtuma? Ujira wake uwe vipi? Na mali ikipotea au ikiharibika, khasara ni juu ya nani?

Jawabu, na tawfiki ni kwa Mwenyezi Mungu:

Kwanza ifahamike kuwa jambo hili si geni kwetu. Mababu zetu walivaa merikani iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikaletwa na merikebu za Salem, khasa baada ya mapatano ya Sayyid Said na Marekani ya mwaka 1833. Na wengi waliovaa nguo ile hawakupata kuiona Marekani hata siku moja. Kanga za mama zetu nazo, wenye maduka wa Unguja na Mombasa, kama duka la Kaderdina Hajee Essak ambalo alama yake ni "Mali ya Abdulla", waliagiza zichapwe Uholanzi na Uingereza, na baadaye Japani na Bara Hindi. Mchapaji wa huko aliyaandika majina na methali za Kiswahili naye hajui maana yake. Biashara yote ile ilisimama juu ya mtu wa kati aliyeaminiwa na pande mbili. Kilichobadilika leo ni mahali na wepesi wa khabari. Guangzhou pana maonyesho makubwa ya biashara yafanywayo mara mbili kila mwaka tangu 1957, na Yiwu pana soko kubwa mno la bidhaa ndogo ndogo, na miji hiyo yote miwili ina misikiti na ina wafanyabiashara wa Afrika. Lakini kumkuta mtu msikitini hakutoshi kuwa ni ushahidi wa uaminifu wake katika fedha. Huenda mwenzio wa safu asiwe mwaminifu wa sarafu; kila kitu kina mtihani wake.

ASILI YA UWAKILI

Uwakili ni mtu kumweka mwenziwe mahali pake katika jambo ambalo yeye mwenyewe angeweza kulifanya. Siku hizi neno wakili watu hulifahamu kwa mtu wa mahakamani, na huyu wa biashara humwita wakala au ejenti. Katika fiqhi wote ni mlango mmoja. Uhalali wake hauna shaka. Katika Sura ya Al-Kahf twasoma jinsi vijana wa pangoni walivyomtuma mmoja wao mjini kununua chakula. Wazingatie vijana wale: walimtuma mtu wamjuaye, wakampa fedha maalumu, wakamweleza sifa ya chakula wakitakacho, na wakamuusia jinsi ya kujichukua huko aendako. Mambo hayo manne ndiyo kiini cha mapatano ya wakili hata leo.

Na katika Sunna kuna khabari ya Urwa Al-Bariqi, ambaye Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpa dinari moja amnunulie mbuzi. Akapata wawili kwa dinari ile, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari pia, naye Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Tazama: faida ile Urwa hakuitia mfukoni, bali aliirejesha kwa mwenyewe. Hapa ndipo wengi wa mawakili wa zama zetu wanapojikwaa, nasi tutalirudia jambo hili.

NGUZO NA MAELEZO YA KAZI

Nguzo za uwakili ni nne: mwenye mali, wakili, kazi atumwayo, na tamko la mapatano. Katika hizi, kazi atumwayo ndiyo ipuuzwayo zaidi. Kumwambia mtu "tuletee nyavu nzuri" si maelezo. Yasemwe: nyavu za uzi gani na unene gani, ukubwa wa jicho lake, urefu na kina chake, rangi, idadi, bei isiyopitwa, na siku ya mwisho ya kupakia. Kisha wakili alete kiolezo kimoja kabla ya kuagiza vyote, na kiolezo hicho kitiwe alama na kuwekwa, ili mali ikifika ipimwe kwacho. Akinunua kinyume cha aliyoagizwa, ununuzi ule hauwalazimu wenye mali. Na akinunua kitu chenye aibu naye aijua, kadhalika.

Khasa katika majaketi ya kuokolea tusifanye uzembe. Jaketi lililojazwa sponji duni hunywa maji, na mvuvi atokaye Vanga wakati wa kusi hatalijua hilo ila siku chombo kitakapopinduka. Kiolezo chake kifungwe uzito, kitiwe baharini usiku kucha, na asubuhi kitazamwe kama chaelea. Anayeokoa shilingi chache katika jambo hili aweza kuwa ameiuza roho ya mwanawe.

UJIRA WAKE

Wakili aweza kufanya kazi bure, na aweza kutaka ujira. Akitaka ujira, katika madhehebu yetu ya Kishafii ni lazima ujira huo ujulikane. Mtindo ulioenea ni wakili kutwaa sehemu katika mia ya bei ya ununuzi, na bei yenyewe haijajulikana. Mna humo ujinga wa ujira, na mna madhara ya pili yaliyo dhahiri kwa akili. Ikiwa ujira ni tano katika mia, mali ikinunuliwa kwa shilingi 600,000 atapata 30,000, na ikinunuliwa kwa 800,000 atapata 40,000. Basi kila bei ipandapo naye hupanda, na mtu aliyetumwa kupunguza bei amewekewa tamaa ya kuizidisha. Kilicho salama ni kumkatia ujira maalumu kwa kazi maalumu: kiasi fulani kwa kutafuta kiwanda na kuleta violezo, na kiasi fulani mali ikisha kukaguliwa na kupakiwa.

MAREJESHO YA SIRI

Sasa twaja kwenye donda lenyewe. Viwanda vingi humrudishia wakili kitu kwa siri. Wavu huandikwa dola 20, na kiwanda kikamrejeshea wakili dola 2. Katika nyavu 300 ni dola 600, naye huku amelipwa ujira wake na waliomtuma. Wengine husema: "Hii ni zawadi ya kiwanda, si fedha ya mtu." Jawabu yake twaipata katika khabari mashuhuri ya Ibn Al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, akarudi akatenga sehemu akidai kuwa hiyo amezawadiwa yeye. Mtume alighadhibika, akauliza hadharani lau mtu huyo angekaa nyumbani kwa wazazi wake, je, zawadi ile ingemfuata? Kipimo hiki chatosha. Kiwanda cha Guangzhou hakikumpenda wakili kwa uso wake. Kimempa kwa sababu ya fedha za watu wa Vanga. Punguzo lolote ni la wenye mali, kama dinari ya Urwa. Ama akiwaeleza tangu mwanzo kuwa kiwanda kitamlipa kiasi kadha, nao wakaridhia, hiyo si khiyana tena, bali ni sehemu ya ujira wake, nayo itajwe kadiri yake.

Pia asijiuzie. Katika madhehebu yetu wakili wa kununua haifai anunue mali yake mwenyewe kwa ajili ya aliyemtuma, kwa kuwa hawezi kuwa mchungaji wa pande mbili. Wapo wajiitao mawakili na kumbe ni wauzaji: hununua kwa fedha zao, wakaongeza faida, wakakuuzia. Biashara hiyo ni halali mali ikiwa mikononi mwao, lakini hukumu yake ni nyingine. Muuzaji haulizwi faida yake, naye hubeba khatari ya mali mpaka akukabidhi. Wakili hulipwa ujira, na khatari ni yako. Basi jambo la kwanza la kumwuliza mtu yule ni hili: Wewe ni nani kwetu, wakili au muuzaji? Asikubaliwe atakaye faida ya muuzaji na usalama wa wakili.

KHASARA NI JUU YA NANI?

Wakili ni amini. Mali ikizama na meli au ikiungua naye hakufanya kosa, khasara ni ya wenye mali, na kumshurutisha alipe kila khasara ni sharti batili kwetu. Lakini akipita mipaka au akizembea, hulipa. Na katika uzembe ni: kutuma fedha kwenye hesabu ya benki ya mtu binafsi badala ya ile yenye jina la kiwanda; kutohakikisha leseni ya kiwanda, na kila kampuni ya Uchina ina nambari yake ya usajili yenye tarakimu na herufi 18 kwa jumla, iwezayo kutazamwa; kuacha mali ipakiwe pasina kukaguliwa; na kumkabidhi kazi mtu mwingine bila idhini ya waliomtuma. Haya yaandikwe, maana lisiloandikwa huwa ugomvi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, imeshughulika na kuandikiana deni na kushuhudizana. Nasi twaona haya kumwandikisha jamaa yetu!

Tena uwakili huvunjika kwa kufa kwake mmoja wao. Kwa hivyo hati ya shehena iandikwe kwa jina la wenye mali, si la wakili, ili akifa wao wasije wakagombana na warithi wake juu ya kontena lililoko Kilindini.

MAPATANO NA KIWANDA

Viwanda vingi hutaka thuluthi moja hivi ya bei mbele, na baki kabla ya kupakia. Katika madhehebu yetu, mali ya kuelezwa ambayo haijatengenezwa huingia katika mlango wa salam, ambao wataka bei yote itolewe papo hapo. Wanazuoni wa Kihanafi wameruhusu mapatano ya kutengenezewa, yaitwayo istisna, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah lilipitisha mwaka 1992 kuwa mapatano hayo yazilazimu pande mbili zikitimia sharti zake, na kuwa bei yaweza kulipwa kwa mafungu. Lifuatwe hilo pasina wasiwasi, kwani ni salama zaidi kwa maskini: fedha zilizobaki mkononi ndizo zimfanyazo mwenye kiwanda atimize ahadi.

SHERIA ZA NCHI

Bei ya kiwanda ni mwanzo tu. Kuna nauli, bima, ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani ya 16 katika mia kwa bidhaa zisizosamehewa, na malipo ya bandari yapandayo kila siku mali ikicheleweshwa. Yaulizwe yote kabla ya fedha kutoka. Tangu mwaka 2005 Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) lataka bidhaa zikaguliwe huko huko zitokako na zipewe hati. Asiyepata hati hiyo hujitia taabuni. Na nyavu za mkano, za uzi mmoja wa nailoni, zimekatazwa na sheria ya uvuvi. Wakili akizileta kwa kuwa ni rahisi, ametupa fedha za watu.

Vanga i mpakani, na njia za panya zajulikana. Wapo waonao kuwa kuishusha mali Tanga na kuivusha usiku ni werevu. Huo si werevu: ni kuitia mali ya wajane katika khatari ya kunyang'anywa, na ni kumfundisha wakili wako uwongo, kisha ukataraji asikudanganye wewe.

Jambo la mwisho: mali ingali baharini, wachangaji wasiiuze kwa wenye maduka wa Lunga Lunga au Msambweni. Kuuza kabla ya kuipokea hakufai. Wangoje ifike, waihesabu, waipime kwa kiolezo, ndipo waiuze. Na faida au khasara igawanywe kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja.

MUKHTASARI WA JAWABU

Yafaa kumtuma mtu huyo kwa sharti hizi: ajulikane makao yake, na waulizwe waliomtuma kabla, aseme kama ni wakili au muuzaji, ujira wake ukatwe, kila punguzo liwe la wenye mali, kiwanda kilipwe moja kwa moja, na yote yaandikwe mbele ya mashahidi wawili. Safari ya kwanza iwe ya mali kidogo, kiasi ambacho kikipotea hakitavunja nyumba ya mtu. Akikataa sharti moja katika hizi, fedha na zibaki Vanga. Ni heri mjane akaivundika shilingi yake chini ya mto kuliko kuisafirisha isikorudi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.