SOMO: Mtaa Mpya wa Viwanja Vilivyopimwa – Faida na Hasara Zake kwa Mwanachama



Siku hizi karibu kila mji wa wilaya una upande wake mpya. Bikoni zimesimikwa, njia zimenyooshwa, viwanja vimepewa namba, na nyumba chache za kwanza zimeanza kuonekana baina ya minazi na vichaka. Mwanachama mwenye akiba hutazama huko na kumwuliza Katibu wake: je, chama kininunulie kiwanja, au kinikopeshe nikanunue mwenyewe?

Somo hili halikusudii kutoa jibu moja kwa kila chama. Shabaha yake ni kuonyesha namna ya kulipima jambo hili, faida katika sahani moja na hasara katika sahani ya pili, kabla fedha za wanachama hazijatoka.

1. Mambo ya kale yanatufunza nini

Watu wa Mafia si wageni wa habari za kuhama miji. Wakati wa Wajerumani makao ya serikali yalikuwa katika kisiwa cha Chole. Mwanzoni mwa karne ya 20 yalihamishiwa Kilindoni, mahali penye maji marefu ya kutia nanga. Jina lenyewe ladokeza kilindi. Chole ilibaki na magofu ya majumba ya mawe, na Kilindoni ikawa mji. Majumba ya Chole yalikuwa mazuri, lakini uzuri wa majumba haukutosha kuuzuia mji usihame. Mji hufuata njia, maji na kazi. Basi aendaye kutazama mtaa mpya asitazame nyumba kwanza. Atazame mambo hayo matatu.

2. Faida

Mfano mkubwa katika nchi yetu ni Mradi wa Viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, ulioanzishwa na Wizara ya Ardhi mwaka 2002. Maeneo yaliyokuwa mashamba pembezoni mwa jiji, kama vile Kibada, Gezaulole, Tuangoma, Mwanagati, Buyuni na Bunju, yalipimwa, na viwanja vilivyopatikana vilizidi idadi iliyokuwa katika jina la mradi. Faida zake zinaeleweka kwa urahisi:

(a) Mipaka hujulikana. Ugomvi wa jirani na jirani hupungua, maana bikoni haisogei usiku.

(b) Mwenye kiwanja hupata hatimiliki, ambayo benki huweza kuipokea kuwa dhamana ya mkopo.

(c) Nafasi ya shule, zahanati, soko na barabara hutengwa mapema. Katika mtaa uliojiotea wenyewe, kupitisha barabara huwa ni kubomoa nyumba ya mtu.

(d) Thamani ya ardhi hupanda kwa kadiri mji unavyokua. Mnamo mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilianza kupima viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Wakati huo ilikuwa pembezoni mwa jiji. Leo ni mitaa ya mjini kabisa, na aliyekishika kiwanja chake tangu siku zile ana mali kubwa.

3. Hasara

(a) Huduma huchelewa. Katika sehemu nyingi za mradi ule wa mwaka 2002, viwanja viligawiwa kabla ya maji, umeme na barabara za lami kufika. Ramani ilionyesha soko, lakini mahali pa soko palikuwa pori. Viwanja vingi vilikaa miaka mingi bila kujengwa, na wachache waliotangulia kuhamia walikaa mbalimbali, bila jirani wa kumwita wakati wa shida.

(b) Mnyonge husukumwa. Mradi wa Sinza na wenzake ulikusudiwa watu wa kipato cha chini, lakini viwanja vingi viliishia mikononi mwa wenye uwezo zaidi. Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1973 ili kukopesha wajenzi, ilifungwa mwaka 1995. Vilevile wakulima waliokuwa na mashamba mahali palipopimwa mwaka 2002 walilipwa fidia, lakini wengi wao hawakumudu kununua kiwanja katika ardhi ile ile waliyokuwa wakiilima.

(c) Kiwanja kina masharti. Hatimiliki ya kiwanja cha mjini hutolewa kwa muda wa miaka maalumu, kama vile 33, 66 au 99. Mmiliki hulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka, na kwa kawaida hutakiwa kuendeleza kiwanja katika miezi 36. Asiyetimiza masharti aweza kunyang'anywa milki yake.

4. Hesabu ambayo wengi huisahau

Tufanye mfano, si wa mtu fulani, bali wa kujifunzia tu. Mwanachama amepanga chumba karibu na soko kwa Sh. 40,000 kwa mwezi. Ahamiapo mtaa mpya anaokoa Sh. 480,000 kwa mwaka. Lakini sasa hulipa pikipiki Sh. 1,500 kwenda na Sh. 1,500 kurudi, siku 26 za mwezi; yaani Sh. 78,000 kwa mwezi, au Sh. 936,000 kwa mwaka. Hununua madumu manne ya maji kwa siku, kila moja Sh. 200, yaani Sh. 24,000 kwa mwezi, au Sh. 288,000 kwa mwaka. Jumla ya gharama mpya ni Sh. 1,224,000. Ukitoa kodi aliyookoa, amezidiwa Sh. 744,000 kila mwaka. Maji na njia vikichelewa miaka mitatu, upungufu utakuwa Sh. 2,232,000, mbali na deni la kiwanja na ujenzi.

Hapa ndipo tunapoona kiini cha somo letu. Mtaa mpya humlipa yule awezaye kungoja. Mwenye mshahara au biashara nyingine hungoja maji na barabara, na mwishowe hupata faida. Asiye na akiba hushindwa katikati ya safari, akauza kiwanja kwa bei ya shida, na faida ya subira yake akaichukua mwingine. Kiwanja ni kile kile; tofauti yao ni nguvu ya kungoja.

5. Mambo yanayoihusu Mafia hasa

Kwanza, minazi. Mnazi wa kienyeji huchukua miaka sita au saba hivi kabla ya kuzaa, kisha huzaa kwa miaka mingi, hata kizazi cha pili. Mwanachama anayeuza shamba lake likakatwe viwanja asipige hesabu ya bei ya ardhi peke yake. Na ahesabu nazi za miaka ijayo, ambazo ni pato lake na ni pato la chama.

Pili, maji. Wengi wetu hutumia visima vifupi katika ardhi ya mchanga. Viwanja vikiwa vidogo, na kila kimoja kina choo cha shimo na kisima chake, maji machafu hupenya mchangani na kufika kisimani. Karibu na pwani, maji yakivutwa kupita kiasi, maji ya chumvi huingia. Afadhali kisima kimoja kizuri cha jumuiya, mbali na vyoo, kuliko visima ishirini vya mashaka.

Tatu, vifaa. Saruji na mabati huvuka bahari kabla ya kufika kwetu, na nauli ya chombo huongezeka katika bei. Kuchimba matumbawe ili kupata mawe na chokaa ni kubomoa mazalio ya samaki, na Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995 ili kuyalinda mambo kama hayo. Makisio ya ujenzi yaliyofanywa kwa bei za Dar es Salaam hayafai hapa.

6. Wajibu wa chama

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo ni onyo, si katazo. Ushirika ulianzishwa ili wanyonge, wakiwa pamoja, wapate nguvu ambayo kila mmoja peke yake hana. Na nguvu ya kungoja ni mojawapo. Kwa hiyo, Ndugu Katibu, fuata hatua hizi:

(a) Soma masharti ya chama chako. Chama cha mazao si chama cha nyumba. Ikiwa masharti hayaruhusu kununua viwanja, fedha za mazao zisiguswe. Wanaotaka nyumba washauriwe kuunda chama chao.

(b) Peleka jambo kwenye Mkutano Mkuu, pamoja na hesabu iliyoandikwa. Mkopo usivuke ukomo wa madeni uliopitishwa na wanachama na kuidhinishwa na Mrajis.

(c) Hakikisha katika ofisi ya ardhi ya wilaya kwamba eneo limepimwa kweli, na kwamba muuzaji ndiye mwenye haki. Asilipwe mtu kwa maneno.

(d) Tembelea mahali wakati wa masika na wakati wa kiangazi. Eneo kavu mwezi wa Septemba laweza kuwa ziwa mwezi wa Aprili.

(e) Wajengeni pamoja, jirani kwa jirani, mkianza na kisima. Kaya kumi zilizo pamoja zina sauti ya kudai umeme na barabara. Kaya kumi zilizotawanyika hazina.

(f) Wekeni akiba ya angalau mwaka mmoja ya gharama za ziada kabla ya kuhama.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika chama chenu, ni wanachama wangapi wanaoweza kungoja miaka mitatu bila maji ya bomba? Wasioweza watasaidiwaje?

2. Pigeni hesabu ya sehemu ya 4 kwa bei za kijijini kwenu. Mmepata faida au upungufu?

3. Shamba la minazi 50 likiuzwa leo, familia itakula nini mwaka wa tano?

4. Masharti ya chama chenu yanasemaje juu ya ununuzi wa ardhi? Katibu asome kifungu hicho mbele ya wanachama.