Sikio la mwanafunzi katika warsha za walimu: mfano wa Kiingereza nchini Japani

Makala haya yanahusu warsha, ambazo huku kwetu tumezoea kuziita semina, za kuwaendeleza kikazi walimu wanaofundisha Kiingereza kwa Wajapani. Msomaji anaweza kuuliza mwanafunzi wa lugha za Kiafrika anatafuta nini Japani. Jibu langu ni la kiisimu kwanza. Kijapani na lugha nyingi za Kibantu hulipokea neno la Kiingereza kwa namna zinazokaribiana mno. La pili ni la maisha: wengi wetu katika kitivo hiki tutaishia mbele ya ubao, tukifundisha Kifaransa, Kiingereza au Kiswahili kwa watoto wanaosema lugha nyingine nyumbani, na tutaitwa kwenye semina. Hoja yangu ni kwamba warsha ya walimu wa lugha humfaa mwalimu pale inapoanzia kwenye lugha ya mwanafunzi na namna sikio lake linavyofanya kazi. Japani inatufundisha kwa pande zote mbili, kwa yaliyosahauliwa na kwa njia ya kazi inayoweza kuyarudisha.

Kilabu na kurabu

Tuanze na data. Neno la Kiingereza club lina silabi moja. Kiswahili kimelipokea kuwa kilabu, Kijapani kuwa kurabu. Linganisha pia basi na basu, keki na keeki, hoteli na hoteru. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Lugha zote mbili zina irabu tano, na zote mbili hupenda konsonanti ifuatwe na irabu. Kiswahili huchopeka i mara nyingi, na u baada ya sauti za midomo, kama katika pampu na stempu. Kijapani huchopeka u, isipokuwa baada ya t na d ambapo kwa kawaida hutumia o. Ndiyo maana strike huwa sutoraiku. Kilingala nacho kilipochukua classe ya Kifaransa kiliivunja kl na kupata kelasi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fonolojia atayatambua haya yote.

Tofauti kubwa ni kwamba Kijapani huhesabu mora, si silabi. Nippon, jina la nchi yenyewe, lina silabi mbili lakini mora nne: ni-p-po-n. Shairi la haiku, lenye hesabu ya 5, 7 na 5, huhesabiwa kwa mora. Basi strike, ambalo kwa Mwingereza ni pigo moja la sauti, kwa Mjapani ni mapigo matano: su-to-ra-i-ku. Mwalimu asiyejua jambo hili husema mwanafunzi anaongeza irabu kwa uvivu au kwa kukosa mazoezi. Kumbe mwanafunzi anatii sarufi ya lugha yake kwa uaminifu mkubwa.

Jambo hili linafika ndani kuliko ulimi. Mwaka 1999 Emmanuel Dupoux na wenzake walichapisha majaribio waliyowafanyia wasikilizaji Wafaransa na Wajapani kwa maneno yasiyo na maana, kama vile ebzo na ebuzo. Wajapani waliripoti kusikia u hata pale ambapo sauti iliyochezwa haikuwa na irabu yoyote kati ya b na z. Hawakukosea kutamka, maana hawakuombwa kutamka. Walisikia irabu isiyokuwapo. Kisha watafiti wakageuza mtihani: wakawapa wote ebuzo yenye irabu fupi na ebuuzo yenye irabu ndefu. Safari hii waliokwama ni Wafaransa, nao Wajapani wakapita bila taabu, kwa sababu urefu wa irabu hutofautisha maneno katika lugha yao. Napenda sana jaribio hili, hasa kwetu tuliofundishwa tangu shule ya msingi kwamba sikio la Mfaransa ndilo kipimo. Kila sikio lina matundu yake.

Sauti mbili, fonimu moja

Suala linalorudi kila mara katika warsha za walimu wa Wajapani ni l na r. Kijapani kina fonimu moja tu katika eneo hilo, ambayo kwa kawaida hutamkwa kwa ncha ya ulimi kugonga ufizi mara moja. Kwa hiyo light na right, yakiandikwa kwa katakana, yote mawili huwa raito, herufi kwa herufi. Mwalimu anayeandika matamshi kwa katakana juu ya neno la Kiingereza, ili kumsaidia mtoto asome haraka, amekwisha kufuta tofauti anayotaka kuifundisha.

Wenzetu wa Kasai hawahitaji maelezo marefu hapa. Katika Ciluba, [l] na [d] ni fonimu moja: kulala husemwa kwa l, lakini mbele ya i sauti hiyo hugeuka, tukapata kudila, yaani kulia kwa machozi. Na tofauti ya l na r si ya asili katika lugha hiyo. Ukimwambia msemaji wa Ciluba tu «sikiliza vizuri», hujamwambia kitu. Anasikiliza vizuri sana, kwa sikio la Ciluba.

Je, sikio linaweza kufundishwa? Linaweza, na hapa utafiti ni imara kuliko katika sehemu nyingi za ufundishaji wa lugha. Mwaka 1991 John Logan, Scott Lively na David Pisoni wa Chuo Kikuu cha Indiana walionyesha kwamba wasikilizaji Wajapani waliosikilizishwa jozi kama light na right, zikisemwa na watu mbalimbali na sauti hizo zikiwa mahali mbalimbali katika neno, walizidi kuzitofautisha. Mwaka 1993 wakaongeza jambo ambalo kila mwalimu angepaswa kulijua: waliofunzwa kwa sauti ya msemaji mmoja tu waliboresha usikivu wao kwa msemaji huyohuyo, lakini hawakuweza kuuhamishia kwa msemaji mpya. Kisha mwaka 1997 Ann Bradlow na wenzake wakaonyesha kwamba mafunzo ya kusikiliza peke yake yaliboresha hata matamshi, ingawa wanafunzi hawakuwa wamefanyishwa zoezi la kutamka.

Tafsiri yake darasani ni nzito. Sauti ya mwalimu mmoja haitoshi, hata akiwa mzaliwa wa London. Na kumrudisha mtoto mara kumi atamke right mbele ya wenzake, kabla hajaisikia tofauti, ni kumwaibisha bure.

Warsha zenyewe

Japani si nchi iliyokosa mafunzo ya walimu. Mwaka 1922 Mwingereza Harold Palmer alifika Tokyo kuwa mshauri wa Wizara ya Elimu katika ufundishaji wa Kiingereza. Mwaka 1923 akaanzisha taasisi ya utafiti wa ufundishaji huo, iliyokusanya walimu na kuchapisha jarida, na akabaki nchini hadi 1936. Alihimiza kuanza kwa mdomo na sikio, wakati shule nyingi zilikuwa zikitafsiri maandishi neno kwa neno. Mwenzake A. S. Hornby, aliyefika kufundisha Oita, alishirikiana na E. V. Gatenby na H. Wakefield kutunga kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942. Kamusi hiyo ndiyo mama wa ile ya Oxford ya wanaojifunza Kiingereza, ambayo wengi wetu tumeipekua maktabani bila kujua kwamba ilizaliwa kutokana na shida za madarasa ya Kijapani.

Siku hizi serikali ndiyo msukumo mkuu. Programu ya JET ilianza mwaka 1987 na vijana 848 kutoka Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Wengi wao waliwekwa shuleni kama wasaidizi wa mwalimu wa Kiingereza, na sharti kuu la masomo lilikuwa shahada ya kwanza. Ujuzi wa ualimu haukulazimishwa. Mwaka 2003 wizara ilitoa mpango wa utekelezaji wa miaka mitano uliotaka walimu wote wa Kiingereza wa sekondari za umma, takriban 60,000, wapitie mafunzo ya mfululizo. Mpango huo uliweka pia kiwango cha Kiingereza cha mwalimu mwenyewe: alama 550 za TOEFL, au 730 za TOEIC, au daraja la juu kidogo chini ya la kwanza katika mtihani wa kitaifa wa Eiken. Mwaka 2009 ukaja utaratibu wa walimu wote, si wa Kiingereza tu, kuhuisha leseni kila baada ya miaka 10 kwa saa 30 za masomo. Ulifutwa mwaka 2022.

Siubezi mpango wa 2003. Nchi chache hufikiria kuwafunza walimu wote wa somo moja kwa miaka mitano. Lakini tazama kilichopimwa. TOEFL hupima Kiingereza cha mwalimu. Haimwulizi kwa nini mwanafunzi wake anasikia irabu isiyokuwapo, wala atamsikilizisha nini kesho asubuhi. Mwalimu anaweza kupata 600 akarudi darasani na kuandika raito ubaoni kama zamani.

Tatizo likazidi mwaka 2020, Kiingereza kilipokuwa somo kamili katika mwaka wa tano na wa sita wa shule ya msingi. Huko anayefundisha mara nyingi ni mwalimu wa darasa, yule anayefundisha pia hesabu na kuimba, akisaidiwa siku fulani na kijana mgeni. Sasa tuwatazame wawili hao kiisimu. Mwalimu Mjapani ana sikio lilelile la mwanafunzi: mora anazo tangu utotoni, ila huenda yeye mwenyewe haisikii tofauti ya light na right. Msaidizi mgeni anaisikia bila jitihada, lakini hajui kwa nini mtoto haisikii, kwa sababu hajawahi kuiona lugha yake kutoka nje. Kila mmoja ana nusu ya ujuzi. Warsha inayomchukua Mjapani pembeni kumwongezea Kiingereza, na kumchukua mgeni pembeni kumfundisha michezo ya kuchangamsha darasa, inaziacha nusu hizo zisikutane. Kwangu, saa moja ambapo mgeni anafundishwa kuhesabu mora za jina lake mwenyewe, akisahihishwa na mwalimu Mjapani, ina thamani kuliko siku nzima ya michezo.

Uchunguzi wa somo

Jambo la kushangaza ni kwamba dawa iko nyumbani kwao. Shule za Japani, hasa za msingi, zina desturi ya zamani iitwayo jugyo kenkyu, yaani uchunguzi wa somo. Walimu kadhaa huandaa somo moja pamoja kwa muda mrefu. Mmoja wao hulifundisha mbele ya wanafunzi wa kweli, wengine husimama kandokando na daftari wakiwatazama watoto, kisha wote hukaa kulijadili na kulirekebisha. Kitabu cha James Stigler na James Hiebert cha mwaka 1999 kiliifanya desturi hii ijulikane Marekani, kikitumia mifano ya hesabu. Karibu nasi, Zambia iliianza mwaka 2005 katika Mkoa wa Kati, kwa masomo ya sayansi, kwa ushirikiano na shirika la Kijapani la JICA. Hesabu na sayansi zimeshapewa nafasi. Lugha ndizo naziona zimechelewa.

Nilihudhuria semina ya siku mbili ya walimu wa lugha wakati wa staji yangu. Tulioneshwa picha ukutani, tukagawanywa vikundi, tukapewa vyeti. Katika siku zote mbili hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeingia mule ndani, na hakuna aliyetuuliza watoto wetu wanasema lugha gani nyumbani. Mwezeshaji alikuwa mchangamfu na mwenye kujua kazi yake. Lakini yale aliyotufundisha angeweza kuwafundisha walimu wa Osaka au wa Lima bila kubadili hata ukurasa.

Katika uchunguzi wa somo hilo haliwezekani, kwa sababu mtoto yupo. Chukua somo la dakika 45 katika mwaka wa tano, shule yoyote ya Japani, lenye lengo moja: kutofautisha light na right kwa sikio. Walimu watakaoliandaa italazimu watafute sauti za wasemaji wanne au watano, na utafiti wa 1993 unatosha kuwaeleza kwa nini. Italazimu wakubaliane kwamba katakana haitaandikwa ubaoni dakika hizo. Hakuna mtoto atakayeombwa kutamka; kila mmoja atainua kadi ya taa au kadi ya mkono wa kulia. Mwalimu wa darasa, kama haisikii tofauti, atainua kadi yake pamoja na watoto, na msaidizi mgeni ndiye atakayejua jibu. Watazamaji walio kandokando hawataandika kwamba mwalimu alikuwa na sauti nzuri au kwamba darasa lilichangamka. Wataandika ni msemaji yupi aliyewachanganya watoto, ni katika neno lipi, na mtoto wa dirishani aliinua kadi ipi mara ya tatu.

Ukitaka kulihamishia somo hilo Mbuji-Mayi, kadi zitakuwa za sauti nyingine, na kazi ya kuzichagua itamwangukia mtu aliyesoma fonolojia ya Ciluba.