Msimu wa Manju: Somo la Kupiga, Kufundisha na Kusafiri

Wanachuo wenzangu, mwaka jana nilikwenda BTP Shinyanga vijijini nikiwa na begi moja, desa za saikolojia ya elimu, na imani kwamba kufundisha ni kuchomekea shati na kushika chaki. Nilirudi na maksi ambazo sitazitaja hapa, na somo ambalo nataka tulisome pamoja. Aliyenifundisha ni mjomba wangu, mtu ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi wa lekcha. Yeye ni manju.

Swali la somo letu ni hili: je, mtu mmoja anaweza kutumbuiza, kufundisha na kusafiri ndani ya msimu mmoja bila kazi moja kuzila nyingine?

1. Msimu una kalenda yake

Mpiga fidla wa kumbi za Ulaya huanza msimu wake karibu na Septemba na kuumaliza karibu na Juni. Kwetu Usukumani kalenda inapangwa na mvua. Kuanzia Novemba mpaka Aprili watu wako shambani. Mavuno yakishaingia ghalani, Juni mpaka Agosti au Septemba, ndipo ngoma zinapoanza. Juni ndiyo Bulabo pale Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, sikukuu inayoendana na Ekaristi Takatifu. Kituo cha Bujora kilianzishwa miaka ya 1950 na padri Mkanada, David Clement, na leo ndipo ilipo Makumbusho ya Wasukuma.

Ushindani wenyewe ni kati ya pande mbili, Bagika na Bagalu. Inasimuliwa kwamba pande hizo zilianzia kwa mamanju wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Utaratibu wake ungewafaa hata watunga mitihani. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Watazamaji wako huru kuhama. Ukiboa, wanakuacha wanakwenda kwa mwenzako, na wewe unawaona wakiondoka. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Hakuna sapu wala kukata rufaa.

2. Kufundisha kunatangulia safari

Kwenye kozi yetu tulitajiwa Shinichi Suzuki, mpiga fidla wa Japani aliyezaliwa 1898 na kufariki 1998. Aliona kwamba kila mtoto hujifunza lugha ya mama bila kusomeshwa sarufi: anasikia, anarudia, na mzazi yuko karibu. Akasema fidla nayo ifundishwe hivyo. Mtoto asikilize kwanza, arudie mara nyingi, noti zilizoandikwa zije baadaye.

Nilipomweleza mjomba habari hizo, alicheka. "Sasa mpwa, huyo Mjapani alilima wapi?"

Maana yeye anafundisha hivyo hivyo, ila shambani. Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Kijana anayelima mstari mmoja na manju anasikia wimbo mpya tangu unatungwa, anauitikia huku jembe likishika mdundo. Juni ikifika, hana haja ya kukaririshwa, kwa sababu wimbo umeshaingia mgongoni. Kwa hiyo andika hili kwenye desa yako: kwa manju, msimu wa kufundisha ni mvua, na msimu wa kusafiri ni kiangazi. Kiangazini hubaki zoezi moja kwa wiki, Jumatano jioni, ili mdundo usipotee.

3. Hapa ndipo tulipokosea

Siku hizi msimu umebadilika kwa sababu ya dhahabu. Tangu mgodi mkubwa wa Geita uanze uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu kule Kakola, miji ya ukanda huu imejaa watu wenye hela za haraka. Watu hao wanataka burudani. Mjomba akaanza kuitwa: wiki hii Kahama, wiki ijayo Kakola, nyingine Katoro. Mimi, mpiga ngoma wake wa akiba, nikawa naondoka nao Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho. Tunapita Tinde, Isaka, Kahama, tumebanana na ngoma kwenye gari, vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa napata kidogo, na si unajua, BTP ikianza bumu huwa limeshaisha.

Wiki tatu mfululizo zoezi la Jumatano halikufanyika. Tulikuwa tumechoka. Katika kikundi kulikuwa na kijana aliyemaliza kidato cha nne, mpigaji ambaye mjomba alikuwa anamwandaa kushika ngoma kuu. Gari lilikuwa dogo, hivyo yeye alikuwa anaachwa nyumbani. Jumatano ya kwanza alikuja akasubiri. Ya pili akasubiri. Ya tatu hakuja. Tukasikia yuko Nyarugusu, amepata kazi kwenye duara, anavuta mawe.

Na mimi? Jumatatu ya wiki hiyo hiyo nilifika shuleni kipindi kimeshaanza, sina andalio la somo, sauti imekauka kwa kuimba. Kidato cha pili walikuwa wamekaa kimya, na nyuma kabisa ya darasa alikuwa amekaa msimamizi kutoka chuoni na fomu yake ya tathmini mkononi. Yaani, watazamaji wangu hawakuwa na ruhusa ya kuhama, lakini macho yao yalikuwa yameshahama.

Jioni nilimsimulia mjomba nikitegemea anifariji. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Wewe umepoteza kipindi kimoja. Mimi nimepoteza mpigaji. Sote tulikuwa tunacheza, hatukuwa tunafundisha."

4. Mfano mkubwa zaidi

Msidhani haiwezekani. Hukwe Zawose wa Dodoma, bingwa wa zeze na ilimba, alisafiri na muziki wa Wagogo mpaka Ulaya na Marekani, na bado alifundisha kwenye Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Nyumbani nako, familia yake ilikuwa kikundi chake. Alifariki Desemba 2003, lakini kazi haikufa. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wanaojiita The Zawose Queens, walitoa albamu yao, Maisha. Makofi ya ukumbini huisha usiku uleule. Kilichobaki kwa Zawose ni watu aliowafundisha.

5. Tulichorekebisha

Tulikaa na daftari, mjomba na mimi, tukapanga mambo matatu. Kwanza, Jumatano ni ya zoezi, hata aje tajiri gani. Pili, kila safari lazima mwanafunzi mmoja awe na nafasi kwenye gari, hata kama ngoma moja itabaki. Tatu, mimi sipandi gari mpaka andalio la Jumatatu liwe limeandikwa, na mjomba alikuwa analikagua kweli, ingawa ni la jiografia.

Wiki iliyofuata ulikuja mwaliko wa Katoro wa siku ya Jumatano, wenye hela nzuri. Mjomba aliukataa. Nilimwona akihesabu kichwani kile alichokuwa anakiacha. Alikihitaji.

Yule kijana alikuja mara moja, Jumatano ya mwisho wa Agosti, kusalimia tu. Mikono ilikuwa na malengelenge ya kamba. Mjomba hakumuuliza kitu. Alimsogezea ngoma kuu, wakapiga mzunguko mmoja, akamsahihisha mahali pawili, kama vile hajawahi kuondoka. Asubuhi kijana akarudi kwenye duara. Kama atakuja mvua zikinyesha, sijui. Shamba lipo, na mjomba anasema mstari wake haulimwi na mtu mwingine.

Maswali ya kujadili

1. Katika ratiba yako ya wiki hii, ni kazi ipi inayoonekana na watu, na ni ipi inayojenga? Ipi umeipa muda mwingi?
2. Kama wanafunzi wako wangeruhusiwa kuhama katikati ya kipindi, wangapi wangebaki?
3. Nani anakusubiri Jumatano, na ameshasubiri mara ngapi?