Barua pepe zinaingia, hazitoki?

Umehamia kampuni nyingine ya intaneti; barua pepe zinaingia vizuri, ila kila unayotuma inagoma. Usikimbilie kubadili nywila. Mara nyingi programu yako bado inatumia seva ya kampuni ya zamani, nayo haimpokei mtu anayetokea mtandao wa wengine. Fungua mipangilio ya seva ya kutuma, weka seva ya huduma yako ya barua pepe, washa uthibitisho wa jina na nywila (hapa ndipo wengi huruka), kisha toa poti 25, ambayo kampuni nyingi huifunga kuzuia barua taka, uweke 587 au 465. Ujumbe wa kosa ukitaja Spamhaus, shirika linalotunza orodha za kuzuia barua taka, rudi uhakikishe uthibitisho umewashwa kweli na poti si 25; kubadilishiwa anwani ya IP mara nyingi hakusaidii.