Akili Mnemba na Kazi Yako: Nani Anayeamua?

Maswali yanayotufikia zaidi kuhusu akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia, ni mawili: je, itatunyang'anya kazi? Je, itatawala dunia? Yote mawili ni ya haki na hayastahili kuchekwa. Tunaanza na la kazi, kwa sababu hilo limekwisha kubisha hodi.

Daktari wa picha na mashine

Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa teknolojia hii, ambaye mwaka 2024 alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia, alisema vyuo viache kufundisha madaktari wa kusoma eksirei. Kwa maoni yake, baada ya miaka mitano, au kumi ikichelewa, kompyuta ingekuwa imewapita. Miaka mitano ilipita, na bado Marekani na Uingereza zinalalamikia upungufu wa madaktari haohao.

Hesabu ilikosewa wapi? Kusoma picha ni sehemu moja tu ya kazi ile. Daktari huilinganisha picha ya leo na ya mwaka jana, humuuliza mwenzake wa wodini mgonjwa aliwahi kufanyiwa upasuaji gani, hupendekeza kipimo kinachofuata, kisha huweka sahihi chini ya ripoti na kuwajibika ikiwa amekosea. Mashine haiwajibiki kwa yeyote.

Hata hivyo, manufaa yapo, na makubwa. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linakubali programu za kompyuta zitumike kusoma eksirei za kifua ili kuwabaini wenye dalili za kifua kikuu, kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Picha ikishapigwa, programu hutoa alama. Alama ikiwa juu, mhusika hutoa makohozi yakapimwe maabara, na majibu ya maabara ndiyo yanayothibitisha ugonjwa. Kituo cha afya kisicho na daktari wa picha hakimfukuzi mtu kwa kutumia programu hiyo. Kinapata msaada ambao hakikuwa nao.

Kazi zilizo hatarini zaidi

Shirika la Kazi Duniani lilichunguza suala hili mwaka 2023 na kuona kwamba wanaoguswa zaidi ni makarani: wanaoingiza takwimu, wanaochapa barua, wanaotunza kumbukumbu. Wanawake wako hatarini kuliko wanaume, kwa kuwa ndio wengi katika kazi hizo. Mwaka 2024 Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria kuwa karibu asilimia 40 ya ajira duniani zitaguswa. Katika nchi za kipato cha chini ni asilimia 26. Kuguswa si kufutwa. Wapo watakaorahisishiwa kazi, na wapo watakaopunguzwa.

Nani awe upande upi, kompyuta haipangi. Mwaka 2023 waandamanaji wa Kericho, Kenya, walichoma moto mashine za kuchuma chai kwa hofu ya kupoteza ajira. Mashine zile hazikuhitaji akili mnemba kuwatisha wachumaji. Ilitosha mwajiri kulinganisha gharama ya mashine na mishahara. Hesabu hiyohiyo sasa inapigwa maofisini.

Watu walio nyuma ya mashine

Ili programu itambue mtu barabarani, lazima kwanza binadamu akae mbele ya kompyuta, afungue picha moja baada ya nyingine, na kuchora kisanduku kuzunguka kila gari, kila baiskeli, kila anayevuka. Nairobi ni kituo kimojawapo kikubwa cha kazi hizo. Mwaka 2023 jarida la TIME liliripoti kuwa vijana wa huko walisoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji wa kingono na kuyawekea alama, ili ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Malipo yao hayakuzidi dola 2 kwa saa. Kwetu sisi hii ni dhuluma, na mjadala wowote wa ajira unaowasahau vijana hawa haujakamilika.

Je, itatawala dunia?

Wataalamu wenyewe hawakubaliani. Mwaka 2023 mamia yao, Hinton akiwamo, walitia saini tamko kwamba hatari ya binadamu kuangamizwa na akili mnemba ipewe uzito sawa na vita vya nyuklia. Yann LeCun, aliyetunukiwa Tuzo ya Turing ya sayansi ya kompyuta pamoja na Hinton, anaona hofu hiyo imepitiliza.

Linalotuhusu leo ni mamlaka ambayo programu zimekwisha kukabidhiwa. Programu ya mkopo hupitia taarifa zilizo kwenye simu yako na kukukatalia kwa sekunde chache. Baadhi ya waajiri huziachia programu zichuje maombi ya kazi kabla hayajaonwa na mtu yeyote. Aliyekataliwa hajui amuulize nani.

Sheria inakuruhusu kuuliza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zina vifungu kuhusu uamuzi unaofanywa na mashine peke yake. Ukikataliwa kwa namna hiyo, andika barua, taja sheria, na udai uamuzi huo upitiwe upya na binadamu. Na kama kazini kwenu mfumo mpya unaletwa, chama cha wafanyakazi kidai kukaa mezani na mwajiri kabla mkataba wa kuununua haujatiwa saini.