Mgonjwa wa akili amerudi nyumbani, zana zake ziko wapi?



Binamu yangu, mtoto wa shangazi, ni fundi seremala kule Mashewa, Korogwe vijijini. Nasema "ni fundi" kwa makusudi, kwani kwa miaka kadhaa sisi ndugu zake tulikuwa tukisema "alikuwa fundi". Aliugua akili, akalazwa, akatoka na vidonge ndani ya bahasha na tarehe ya kurudi kliniki. Siku ile ile aliyorejea, mimi ndiye niliyekusanya randa, msumeno, patasi na nyundo zake nikazifungia sandukuni, na ufunguo nikaondoka nao Dar es Salaam. Niliona nimetumia hekima. Hakuna aliyenipinga, na yeye mwenyewe hakuna aliyemuuliza.

Wataalamu wengi wa afya ya akili leo wanahimiza huduma inayomsaidia mgonjwa arejee katika maisha yake, badala ya kuishia kutuliza dalili. Sisi tumezoea kuuliza "Je, amepona?", na tunataka jibu la ndiyo au hapana. Lakini Kiswahili kina maneno mengine: nafuu, ahueni, kujimudu. Hili la mwisho ndilo lililo karibu zaidi na wanachokisema. Mtu anaweza akawa bado anasikia sauti mara moja moja, bado anameza dawa kila usiku, na papo hapo akawa anajimudu: ana kazi, ana kauli juu ya mambo yake, anapiga hodi kwa jirani naye anakaribishwa. Mwenye kisukari hatumwambii asifungue duka mpaka kisukari kiishe. Kwa nini wa akili tunamwambia?

Tofauti ya njia hizi mbili huonekana kwenye maswali. Kila alipokwenda kliniki, binamu yangu aliulizwa kama anasikia sauti, kama analala, kama anameza dawa. Maswali ya lazima hayo. Lakini baadhi ya dawa za zamani za maradhi haya, ambazo hutumika sana kwa kuwa bei yake ni ndogo, huweza kukakamaza misuli na kutetemesha mikono. Sasa fundi ambaye mkono unamtetemeka atachoraje mstari ulionyooka? Akawa anazitupa dawa kimya kimya, ugonjwa unarudi, nasi tunasema huyu mkaidi. Mpaka siku moja muuguzi wa kituo kingine akamuuliza: "Kwani wewe kazi yako ni nini?" Akajibu. Daktari akapunguza kipimo na kumwongezea dawa ya kutuliza mtetemeko. (Mtu asipunguze dawa kwa kichwa chake baada ya kusoma makala hii! Aende akaulize.)

Mawazo haya si mageni kwetu. Katika milima ya Usambara, wilaya hiyo hiyo ya Korogwe, ipo Hospitali ya Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani waliianzisha mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa kuwa ya wagonjwa wa akili. Ni ya Walutheri, na tusione haya kusema kwamba wametangulia: pale kazi za shambani na za mikono zimekuwa sehemu ya tiba. Serikali nayo, zama za Ujamaa, ilianzisha vijiji vya wagonjwa wa akili kama Vikuruti, Dar es Salaam, na Hombolo, Dodoma, ili mtu aliyetoka wodini alime na kuishi jirani na watu. Katika miaka ya 1980 ukafanyika mpango wa majaribio mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro wa kuzifikisha huduma hizi kwenye vituo vya kawaida vya afya. Mwaka 2008 ikatungwa Sheria ya Afya ya Akili, na mwaka 2009 Tanzania ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao unawahusu na hawa.

Na sisi Waislamu? Hospitali ya Sultani Qalawun, iliyojengwa Cairo mwaka 1284, iliendeshwa kwa mali ya wakfu na ilipokea wagonjwa wa akili. Wanahistoria wanasimulia kwamba mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka alipewa fedha za kuanzia maisha. Binamu yangu alipotoka, msikitini kwao watu walisogea pembeni, safu ikawa na pengo. Na hao hao wanaijua hadithi ya Anas katika Sahihi Muslim, ya mwanamke mwenye kasoro katika akili yake aliyemwambia Mtume (s.a.w.) kuwa ana haja naye. Mtume alimwita kwa heshima, mama fulani, akamwachia achague yeye njia anayoitaka, akaenda naye mpaka akamaliza haja yake. Mwenye kuchagua alikuwa yule mwanamke.

Najua swali la msomaji: je, akishika patasi akamdhuru mtu? Hofu hiyo nilikuwa nayo, na siyo ya kupuuza. Lakini wengi wa wagonjwa hawa hawamdhuru mtu; mara nyingi wao ndio wanaofungwa kamba na kupigwa. Tulichofanya, kwa ushauri wa yule muuguzi, ni kukaa naye akiwa mzima, akatutajia mwenyewe dalili zake: akikosa usingizi siku mbili mfululizo, akianza kusema redio inamtaja. Akamtaja na jirani anayemwamini ashike zana siku hizo. Mwaka jana, kabla ya Ramadhani, dalili zilikuja. Aliugua wiki tatu. Lakini zana alizipeleka kwa jirani yeye mwenyewe, kwa miguu yake, kabla hatujapigiwa simu.

Limebaki la shamba. Alirithi kwa baba yake, na alipougua baba zake wadogo walilikodisha, nami nikatia sahihi kama shahidi. Kodi haijawahi kufika mkononi mwake. Katika fikihi ya Kishafii, ambayo ndiyo yetu wengi huku pwani, mwenye wazimu huzuiwa kutumia mali yake, lakini zuio hilo huondoka akili inaporejea, bila kungoja hukumu ya kadhi. Sisi tumelishikilia kwa miaka, ilhali mtu anatengeneza milango na kupatana bei na wateja.

Nimewaandikia wazee. Wawili wamekubali tukutane Mashewa baada ya mavuno, mmoja amekaa kimya. Nilipomuuliza binamu yangu anataka tuseme nini, alisema maneno atasema mwenyewe, ila kikao kifanywe mchana, maana dawa ya usiku humlaza mapema.