Panga Safari Kwanza, Nunua Baiskeli Baadaye

Mtu anayetoka kazini Posta na kushuka Kariakoo kununua baiskeli mara nyingi hufika dukani akiwa na fedha mkononi, lakini hana jibu la swali moja: baiskeli hii itafanya kazi gani? Asipolijibu yeye, muuzaji atamjibia kwa kumwonyesha kile kilichopo dukani. Katika somo hili tunaeleza namna mpango wa safari unavyomlinda mtumiaji kabla hajatoa shilingi yake.

Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: safari ya baiskeli ya pwani kati ya Mtwara na Dar es Salaam, takriban kilomita 560 za barabara ya lami, pamoja na kulala katika hema njiani.

1. Anza na upepo

Wasafiri wa majahazi walipanga safari zao kwa pepo za msimu, na mwendesha baiskeli hana budi kufanya vivyo hivyo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki katikati ya mwaka. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, nayo huja na joto kali. Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu, na ndiyo tunayoipendekeza. Lakini anayeondoka Dar es Salaam kuelekea Mtwara katika miezi hiyo atapambana na kusi usoni siku nzima. Kwa hiyo, panda basi hadi Mtwara, kisha urudi nyumbani kwa baiskeli, upepo ukikusukuma.

Epuka masika. Mnamo Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii katika eneo la Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili.

Kabla ya kulipa nauli ya basi, uliza gharama ya kusafirisha baiskeli na uhakikishe imeandikwa kwenye tiketi au risiti. Makubaliano ya mdomo hayana shahidi pale mzigo unapopotea au unapofika umepinda.

2. Hesabu siku na mahali pa kulala

Kwa asiyezoea, kilomita 70 kwa siku zinatosha. Kilomita 560 zitamchukua siku 8. Ongeza siku 2 za kuchepuka Nangurukuru kwenda Kilwa Masoko, takriban kilomita 30 kila upande, ili kuvuka na kuyaona magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Jumla ni siku 10. Likizo yako ikiwa siku 7, punguza njia, usiongeze mwendo.

Vitabu vya mwongozo vilivyoandikwa kwa ajili ya pwani za kusini mwa Ulaya, kama Hispania au Italia, hudhani kwamba msafiri atakuta viwanja vya kulipia vya mahema njia nzima. Hapa kwetu usitegemee hivyo. Fika kijijini kabla ya jua kuzama, jitambulishe kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji ukiwa na kitambulisho, na uombe uonyeshwe mahali pa kuweka hema. Mgeni anayejulikana na wenyeji hulindwa na wenyeji.

Ukilala ufukweni, weka hema juu ya alama ya maji ya bamvua, si ya maji uliyoyakuta. Usilale kandokando ya mto Rufiji karibu na Daraja la Mkapa: mto huo una mamba na viboko.

3. Pima mzigo

Maji lita 4 ni kilo 4. Tuseme hema ni kilo 3. Nguo, mkeka na chandarua kilo 4. Chakula na jiko kilo 5. Pampu, spana na vipuri kilo 3. Jumla ni kilo 19, nao wote utakaa juu ya gurudumu la nyuma pamoja na sehemu kubwa ya uzito wako. Kwa sababu hiyo, spoku, rimu na keria ya nyuma ndizo zitakazochoka kwanza. Breki nazo zitaulizwa swali gumu kwenye miteremko, hasa basi linapokuwa nyuma yako.

4. Sasa nenda dukani

Mwambie muuzaji safari yako kwa ukamilifu: umbali, siku na kilo. Kisha omba maneno hayo yaandikwe kwenye risiti au karatasi ya mauzo, kwa mfano: "Baiskeli na keria ya kubeba kilo 25, kwa safari ndefu ya lami." Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mtumiaji dhidi ya maelezo ya kupotosha, na inamtaka muuzaji atoe bidhaa inayofaa kwa kazi aliyoelezwa. Kazi isiyotajwa ni vigumu kuidai.

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki, na usome bei iliyoandikwa kabla ya kuondoka. Risiti yenye bei pungufu humpunguzia muuzaji kodi, na wewe hukupunguzia haki: ukirudishiwa fedha, kitakachosomwa ni kile kilichoandikwa. Tangazo la "mali ikishauzwa hairudishwi" halimwondolei muuzaji wajibu wake kwa bidhaa yenye kasoro.

Baiskeli ya mtumba inaweza kuwa chaguo zuri, lakini ikague pamoja na fundi unayemwamini. Zungusha kila gurudumu uone kama linayumba. Bana breki zote mbili kisha usukume. Tazama viungo vya fremu kama vina ufa uliofunikwa kwa rangi mpya. Kasoro uliyoonyeshwa ukaikubali, usitarajie kuilalamikia baadaye.

Kwa kofia ngumu, usinunue iliyotumika, kwa maana ufa wa ndani hauonekani kwa macho.

5. Jaribu ukiwa karibu na duka

Wiki moja baada ya kununua, pakia mzigo wote, panda pantoni Magogoni, uende Kigamboni hadi Kimbiji na ulale huko usiku mmoja. Spoku ikikatika Kimbiji, utarudi Kariakoo kesho yake ukiwa na risiti mfukoni. Ikikatika kati ya Lindi na Nangurukuru, utakuwa peke yako na jua.

Ukipata tatizo

Rudi kwanza kwa muuzaji, ukiwa na risiti, bidhaa yenyewe na picha. Eleza unachotaka: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Msipoelewana, peleka malalamiko kwa maandishi Tume ya Ushindani. Bidhaa ikiwa hafifu au ya hatari, lijulishe Shirika la Viwango Tanzania. Kwa mgogoro na basi, nenda Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini.

Zoezi

Kabla ya kwenda sokoni, andika kwenye karatasi moja: ninatoka wapi na kwenda wapi, upepo wa mwezi huo unatoka upande gani, nitasafiri siku ngapi, nitabeba kilo ngapi, nitalala wapi usiku wa kwanza. Ukishindwa kujibu swali moja, ahirisha ununuzi hadi ulipatie jibu. Fedha iliyo mfukoni bado ni yako. Iliyokwisha kutoka huifuata kwa barua.